Siku Tuliposafisha Mlango wa Mto

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote si ya harusi yangu, na mama yako asisikie. Ni ile siku ambayo wanaume kumi na wawili, wazima, wenye misuli na watoto nyumbani, walimkimbia samaki mpaka barabarani. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kicheko kile nilikuja kukijutia, na kwa kuwa juzi umenipigia simu ukasema umepata kazi kwenye bandari ndogo inayojengwa kando ya maji, nimeona nikuandikie habari yote kabla hujashika hata koleo. Nikikueleza kwa simu utaniambia "sawa mzee, sawa mzee" huku unafanya mambo yako. Nakujua.

Mambo haya yalitokea mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Wewe ulikuwa darasa la tatu na ulikuwa umegoma kunywa uji. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na usicheke nikisema nilikuwa kijana. Mtu ambaye hajawahi kukosea mbele ya watu bado ni kijana, hata kidevu kikianza kuwa cheupe. Nilikuwa na lori langu, nilikuwa nabeba samaki na chumvi kuleta kwetu Bwera, mji wa mpakani na Kongo, na wafanyabiashara wenzangu walikuwa wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya mwalo. Cheo hicho kilinipanda kichwani kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwalo wenyewe, yaani pale mitumbwi inapopakulia, jina lake nitalificha, kwa sababu waliohusika bado wapo na wengine ni ndugu zetu. Ukishuka kutoka Bwera kwenda Ziwa Edward, utafika mahali ambapo mto unaotoka milimani unaingia ziwani. Upande mmoja wa mlango wa mto kulikuwa na mitumbwi, vichanja vya kukaushia samaki na kibanda cha chai. Upande wa pili kulikuwa na mafunjo, marefu kumpita mtu, yamefuata ukingo mpaka macho yanachoka. Nyuma ya mafunjo hayo, kama hatua thelathini kutoka kwenye maji, ilisimama nyumba moja peke yake. Ilikuwa ya Mukaka Kabugho.

Mukaka ni bibi kwa Kikonzo, na pale mwaloni wakubwa kwa wadogo tulimwita hivyo. Alizaliwa Kahendero, kule Ziwa George, akaolewa kwetu, akafiwa na mume, akabaki na kazi yake ya kukata mafunjo na kusuka mikeka. Mikeka yake ilivuka mpaka kwenda Kongo ndani ya lori langu, ndivyo tulivyojuana. Alikuwa mwembamba, mkali kidogo, na ukimuuliza jambo la kipuuzi alikuwa ananyamaza tu mpaka ujione mjinga mwenyewe. Mimi alininyamazia mara nyingi.

Basi ikaja habari ya bandari. Boti kubwa za injini zingevuka kutoka upande wa Kongo na mahindi, mbao na mafuta ya mawese, zikiingia mlangoni mwa mto ambako maji yametulia. Pangejengwa gati la zege na ghala la mabati. Watu wa Bwera tulishangilia, na wengine walianza kununua viwanja kabla hata ya kumwona mtu mwenye kofia ya ujenzi. Wavuvi nao walifurahi, ila waliuliza samaki watazaliana wapi, na sisi wenye malori tuliwaambia samaki watajua wenyewe.

Mimi, kama unavyojua, nina ugonjwa wa kutaka kujua. Niliposikia boti kubwa zinakuja nikajiuliza kama zitapita. Nikatafuta mwanzi mrefu, nikautia alama kwa kisu kila urefu wangu mmoja, nikapanda mtumbwi na kuupima mlango wa mto. Mwanzi ukazama hadi alama ya pili. Nikapima tena mahali pengine, ikawa vilevile. Hapo swali likanijia na likakataa kutoka. Mto huu kila mvua unashuka mwekundu kwa udongo wa milimani, tena miaka yote tangu babu zetu. Udongo wote huo unakwenda wapi? Mbona mlango haujaziba?

Nilimkuta Mukaka ndani ya maji hadi magotini, anakata mafunjo kwa mundu. Niliona anakata mabua ya ndani tu na kuyaacha ya upande wa ziwa, na kila bua alikuwa analikatia juu ya maji, hata kama alilazimika kuinuka. Nikauliza kwa nini hakati yale ya nje, ndiyo manene. Akakata bua jingine. Nikauliza lile la udongo. Hapo aliinua kichwa, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Hiyo swali iko muzuri," akasema. "Kaa nayo."

"Nikae nayo wapi, Mukaka?"

"Hapa. Kaa chini, uangalie maji."

Mwanangu, nilikuwa na lori la kupakia. Nilimwambia nitarudi kesho, nikaondoka na suruali yangu imelowa, nimeridhika kwamba nimesifiwa. Kesho yake sikurudi, wala kesho kutwa. Nilikuwa napenda kuuliza, na nilidhani hilo linatosha.

Baada ya wiki mbili akaja injinia. Alikuwa msichana wa Kampala, mdogo kuliko nilivyotarajia, viatu mkononi na karatasi za ramani chini ya kwapa. Baba yake alikuwa mwanajeshi, naye Kiswahili chake alikipata kambini akiwa mtoto, kwa hiyo kila neno lake lilikuwa amri hata alipokuwa anaomba maji ya kunywa. Tulimpenda mara moja. Tulimwita Afande, akacheka, jina likabaki.

Alitembea ukingo mzima, akasimama juu ya plastiki, nyavu mbovu, matumbo ya samaki na mitumbwi iliyooza, akakunja uso.

"Mwenyekiti, mashine ya kuchimba itakuja kiangazi. Mimi nitarudi kukagua mbele yake. Safisha hapa yote."

"Yote, Afande?"

"Yote! Nataka kukuta safi."

Akapanda gari akaenda. Hakuchukua hata nusu saa kwetu.

Sasa nikuambie neno hilo lilivyonifikia. Mimi nilikulia Bulembia, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Mama yangu alifagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo ukang'aa, na jani likiota mahali, alikuwa analing'oa na mizizi yake. Uwanja safi ulikuwa uwanja mtupu. Shuleni, mwalimu akisema "kesho usafi," ulikuwa unakuja na panga, si na ufagio. Majani yaliyomfika mtu magotini yalikuwa aibu ya familia, tuliambiwa yanafuga nyoka. Kwa hiyo injinia aliposema safisha, mimi sikuona plastiki. Niliona ule msitu wa mafunjo, nikaona aibu kwa niaba ya mwalo mzima.

Na sikumuuliza. Mimi, mwenye maswali mengi, hilo moja sikuuliza.

Nikakusanya wapagazi kumi na wawili kutoka ng'ambo ya mpaka, vijana wa Kongo wenye nguvu, msimamizi wao akiitwa Paluku. Tulianza na mapanga tukaona kazi haiishi. Hapo nikapata wazo lililonifanya nijione nina akili sana. Mafunjo mizizi yake imeshikana kama mkeka mmoja mnene. Tukapitisha mnyororo chini ya mizizi, tukaufunga kwenye lori, nikakanyaga mafuta. Ukuta mzima ukatikisika, ukaachana na maji kwa mlio mbaya, ukaja nchi kavu na tope lake lote.

Na ndani ya tope akatoka samaki. Alikuwa mrefu kama mguu wangu, mweusi, anajipinda na kupumua kwa kelele. Ni samaki anayejifukia topeni na kuvuta hewa kama sisi, na huku Uganda jina lake ni mamba. Nilikuwa sijamwona mkubwa hivyo, nikaruka kutoka kwenye lori nikipiga kelele, "Mamba! Mamba! Mkamateni!"

Kwa Wakongo, kama kwa Waswahili wengine wote, mamba ni yule mwenye meno. Sikuwahi kuona watu wakitupa mapanga namna ile.

"Mamba iko mu majani!" Paluku alikuwa analia. "Kimbia! Iko mukubwa!"

Walikimbia mpaka barabarani, na mmoja wao akapanda juu ya boda boda ya mtu asiyemjua. Nilicheka machozi yakatoka. Ilibidi nimbebe yule samaki kwa mikono miwili na kuwafuata nao wakizidi kukimbia, mpaka Paluku aliposimama na kumtazama vizuri.

"Lakini shefu," akasema, jasho linamtoka, "samaki gani iko na jina ya mamba? Kwetu mamba inakula mutu!"

Nikawapigia hotuba. Niliwaambia mtu akisikia neno la wageni asikimbie, aulize kwanza mwenye neno ana maana gani. Nilisema hivyo, mwanangu, kwa mdomo wangu huu, huku nyuma yangu lori limesimama na mnyororo na nusu ya mafunjo iko nchi kavu. Kisha tukarudi kazini tukang'oa nusu iliyobaki.

Mukaka alisimama mlangoni kwake tangu asubuhi. Hakupiga kelele, hakulia. Alasiri alikuja, akaomba mizizi. Nilidhani anataka kuni, maana ikikauka inawaka vizuri, nikamwambia achukue anayotaka. Alibeba mafungu mangapi sijui, mzee yule, akiyashusha moja moja kwenye mtaro wa maji nyuma ya nyumba yake na kuyafunika kwa tope. Nikajiuliza kuni gani zinahifadhiwa majini. Nikajiuliza tu, nikaenda kunywa chai.

Jioni ile mwalo ulikuwa mtupu unang'aa. Wenzangu walikuja kutoka Bwera kuuona, wakanipongeza, tukaliona ziwa lote kutoka barabarani. Kusema kweli lilipendeza.

Mvua za vuli zikaja. Wiki ya kwanza mto ulishuka mwekundu kama kawaida, ila sasa wekundu haukuishia ukingoni, uliingia moja kwa moja mlangoni na kusambaa. Nikachukua mwanzi wangu kwenda kupima. Alama ya pili haikufika majini. Wiki iliyofuata nilipima tena, maji yakanifika kifuani. Mwisho wa mwezi nilisimama katikati ya mlango wa mto, mahali ambapo boti kubwa zilitarajiwa kupita, na maji yalikuwa kiunoni. Mitumbwi mizito ilianza kukwama. Wavuvi waliacha kunisalimia.

Upande wa pili mawimbi ya ziwa, ambayo zamani yalikuwa yanachokea ndani ya mafunjo, sasa yalikuwa yanapiga ukingo wenyewe. Nikahesabu hatua kutoka majini hadi mlango wa Mukaka. Zilikuwa kumi na tisa. Siku chache baadaye zilikuwa kumi na nne. Nilikuwa nahesabu mchana watu wakiwa kwenye chakula, nisionekane. Yule mama hakuwa na nyumba nyingine wala mtoto wa kumpokea, na mimi ndiye niliyekuwa nimeendesha lori.

Injinia akarudi kukagua kama alivyoahidi. Wenzangu wa kamati walikuwa wamenivuta kando Ijumaa iliyotangulia tukitoka msikitini, wakaniambia nisiwe mjinga, niseme mto umefurika ukayabeba mafunjo. Kila mtu alikuwa anajua milima yetu ikikasirika inabeba madaraja. Nani angebisha? Nikakubali. Nakuandikia hili kwa aibu, lakini nilikubali bila hata kuombwa mara mbili.

Tulikaa kwenye mabenchi ya kibanda cha chai. Mukaka naye alikuja, akakaa mwisho kabisa, mkeka wake magotini anasuka. Injinia alikuwa amelitazama lile tope na ule ukingo uliobomoka, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali, jambo lililonitisha zaidi.

"Mwenyekiti, mafunjo yamekwenda wapi?"

"Mto ulibeba, Afande."

Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Injinia akageuka akamtazama bibi anayeishi karibu zaidi na ukingo kuliko sisi wote.

"Ni kweli, mama?"

Mukaka hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kusuka.

"Mimi sijui," akasema. "Uliza yeye tena."

Mwanangu, angeweza kunimaliza pale. Alikuwa amesimama mlangoni akiona kila kitu, na nyumba yake ilikuwa inaliwa. Badala yake alinipa nafasi ya pili mbele ya watu. Nikasimama nikasema: mto haukubeba, niliyang'oa mimi kwa lori, ulisema nisafishe nikasafisha.

Injinia alishika kichwa. "Nani alisema kata? Mimi nilisema safisha! Plastiki! Nyavu! Hiyo ndiyo takataka!"

"Kwetu kusafisha ni kufyeka, Afande."

Akafungua ramani yake juu ya meza ya chai. Kando ya ukingo wote alikuwa amechora mstari wa kijani, mpana, na pengo moja tu la kupitisha boti. Mafunjo yalikuwa kwenye mpango wake tangu mwanzo. Mafunjo ndiyo yaliyokuwa yanachuja udongo wa mto usiingie mlangoni, akasema, na bila hayo gati lingezikwa na tope kabla rangi ya ghala haijakauka. Ramani ile ilikuwa chini ya kwapa lake siku ile ya kwanza, hatua mbili kutoka kwangu. Sikuomba kuiona, wala yeye hakunionyesha, na hilo alilisema mwenyewe mbele ya wote bila kujificha. Kisha akasema mashine haitakuja kiangazi hiki, na kama ukingo hautarudi, bandari itakwenda mwalo mwingine.

Kabla ya kutawanyika nilivuliwa uenyekiti. Walionipa ule uongo ndio waliopaza sauti zaidi kunishutumu. Hasira ilinipanda, lakini sikuwataja, maana wao hawakushika usukani.

Nilikwenda kwa Mukaka nikiwa na sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda msibani. Nikaomba msamaha. Nilimwambia aje akae kwetu Bwera, mama yako alikuwa amekwisha kuandaa chumba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe uliuliza muzuri," akasema. "Watu yote inapita hapa, hakuna mutu iliuliza udongo inaenda wapi. Wewe tu. Halafu ukaenda mbele jibu haijafika."

Hilo ndilo karipio lenyewe, mwanangu. Halikuwa na tusi hata moja, nami nilitamani lingekuwa nalo. Ningekuwa mpumbavu asiyejua kitu ningejisamehe upesi. Lakini nilikuwa nimelishika swali lenyewe mkononi, nikaliacha kwa sababu ya lori la samaki.

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Ile mizizi niliyodhani ni kuni ilikuwa imechipua mtaroni, vichwa vidogo vya kijani, vingi. Aliniambia kwao Kahendero, alipokuwa msichana, watu waliwahi kuchoma mafunjo ili wapate mahali pa kuegesha mitumbwi, na bibi yake alirudisha ukingo kwa mizizi iliyofichwa mtaroni. Akanionyesha jinsi ya kuipanda: kigingi cha mti mbele yake kuvunja wimbi, kamba ya kuishikilia, na usiku wala mchana usiikanyage. Akaniambia pia mahali pa kuacha pengo la boti. Lilikuwa juu kidogo ya pale tulipodhani sisi, mahali viboko walipokuwa wanapandia zamani kabla watu hawajawa wengi, kwa sababu kiboko ni mzito na hachagui tope, kwa hiyo chini pale ni pagumu.

Nikamwita Paluku. Alikuja na wenzake wote, wakaingia majini, ingawa kwanza aliuliza kwa sauti kubwa kama mamba iliyomo ni ya kwangu au ya kwake. Tulipanda kiangazi kizima. Baadhi ya wavuvi walijiunga, kisha wake zao. Lori langu lilibeba vigingi badala ya samaki, na wateja wengine hawakunirudia tena.

Nyumba haikusubiri. Mafunjo yalikuwa yamefika urefu wa kiganja tu ukingo ulipofika chini ya dirisha. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, ziwa limetulia. Tulikwishatoa vitu vyake vyote, tukang'oa mlango na mabati. Mukaka alikaa juu ya mikeka yake tukautazama ukuta wa upande wa ziwa ukiinama taratibu, ukaingia majini, na maji yakawa mekundu pale kwa muda kisha yakatulia. Alisema kwamba ukuta huo aliukandika na mumewe. Nililia mbele ya wapagazi, na Paluku, ambaye nilimcheka mbele ya watu, alinishika bega.

Mukaka aliishi kwetu Bwera tangu siku ile. Ndiye yule bibi aliyekufundisha kusuka kawa, na wewe ulidhani ni shangazi ya mama yako.

Ilichukua miaka miwili. Injinia alikuja mara tatu, mara ya tatu akiwa na mashine, ikazoa tope lililojaa. Gati likajengwa pale kwenye njia ya viboko, dogo kuliko tulivyoota, na mafunjo kila upande. Siku boti ya kwanza ilipoingia niliwaacha watu wakipiga vigelegele nikachukua mtumbwi na mwanzi wangu wa zamani. Kwanza nilikaa. Niliketi kwenye mtumbwi asubuhi yote, ndani ya pengo, nikitazama. Mto ulikuwa unakuja mwekundu kutoka juu, unaingia katikati ya mabua, unapunguza mwendo, unapepesuka, na upande wa pili ulikuwa unatoka karibu mweupe. Udongo ulikuwa unabaki miguuni mwa mafunjo. Vifaranga vya samaki vilikuwa vimejaa kivulini mwake. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na lingenichukua asubuhi moja tu kama ningekaa siku ile nilipoambiwa kaa.

Kisha nikapima.

Mukaka wakati huo macho yalikuwa yamemwisha. Nilimletea mwanzi ukiwa bado umelowa, nikauweka mikononi mwake. Akaupapasa kutoka chini, taratibu, akaipita alama ya kwanza, akapanda juu, akafika mahali unyevu unapoishia, juu kidogo ya alama ya pili. Vidole vyake vikabaki hapo. Nikasubiri anipongeze, unanijua.

"Basi," akasema, "umekaa."

Ndiyo hayo, mwanangu. Wewe umesoma, una ramani na vipimo ambavyo mimi sikuwa navyo, na mimi sikuambii uogope zege. Bandari ni riziki, nimekula humo nawe umesomeshwa humo. Lakini kabla hamjashika ukingo, tafuteni mtu anayeishi karibu zaidi na maji, mkae naye mpaka aseme. Ukipewa amri, rudia neno kwa mwenye neno, umwulize analiona nini anapolitamka, hata kama ni neno dogo unalolijua tangu utotoni, na hilo hasa. Fungua ramani yako mbele ya dereva wa lori na mpagazi, si mbele ya wakubwa peke yao. Ukikosea, usingoje kuulizwa mara mbili kama mimi, maana si kila mahali utamkuta Mukaka. Na usiridhike kwa sababu umeuliza vizuri.

Mungu akulinde na maji, na akuzungushie watu wenye kusema kweli. Akutilie baraka katika mikono yako, gati lako lisimame na samaki wazae chini yake. Nami naomba siku utakapojiwa na swali zuri, lori likikungoja na watu wakikuita, akupe moyo wa kukaa chini ukatazama maji.